Saa ya Dhahabu na Chuma Kilichomo Ndani Yake



Kwa miaka mingi nimefuatilia historia ya saa za mfukoni za Kimarekani. Sina hata moja ya dhahabu, maana mshahara wa mtumishi wa Serikali una kazi nyingine. Lakini saa hizo zina funzo kwetu sisi wa Makambako, Njombe na Ludewa.

Tarehe 21 Septemba, 1833, Sultani Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani. Merikebu kutoka Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilileta Unguja nguo za merikani, zikaondoka na sandarusi na pembe za ndovu. Pembe hizo ziliondoka ghafi, na nyingi zilichongwa vitufe vya piano huko Connecticut. Faida ya uchongaji ikabaki huko huko.

Katika jimbo hilo hilo la Massachusetts, mwaka 1854, kiwanda cha saa kilihamia mji wa Waltham. Sehemu za saa zilitengenezwa kwa mashine, hata sehemu ya saa moja ikaweza kuingia katika nyingine. Katika maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876 Waswisi, mabingwa wa kazi hiyo, walishtushwa na ushindani huo.

Zipo saa za Waltham zenye maajabu yake, na wakusanyaji huzitafuta sana. Mojawapo ni saa igongayo. Ukisukuma kijiti kilichopo ubavuni, kamani ndogo hukazwa, na vinyundo hugonga waya za chuma cha pua: kwanza saa, kisha pigo moja kwa kila dakika tano. Ikigonga mara tatu, halafu mara nne, Mwingereza husema ni tatu na dakika 20. Sisi tunaohesabu tangu macheo tutasema ni saa tisa na dakika 20. Hivyo mtu aliweza kujua wakati gizani bila kuwasha taa.

Januari 1980 bei ya dhahabu ilipita dola 800 kwa wakia. Watu wengi wakayeyusha makasha ya saa zao, na mitambo iliyobaki ikatupwa ovyo. Walipima uzito wa ganda, wakasahau kazi iliyo ndani.

Ndugu zangu, kinachozungumza katika saa ile si dhahabu. Waya, vinyundo na kamani vyote ni chuma cha pua, na chuma cha pua asili yake ni mawe ya chuma na makaa. Sisi tunayo makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, wilayani Ludewa. Mwaka 2011 Shirika la Taifa la Maendeleo lilitia sahihi mkataba na kampuni ya Kichina ya Sichuan Hongda kwa ajili ya makaa, umeme na chuma. Lakini mkataba peke yake haufui chuma. Wafuaji ni watu waliosoma.

Kwa hiyo vijana, msiyakimbie masomo ya fizikia, kemia na ufundi. Tusipokuwa na mafundi wetu wenyewe, mali ya Ludewa nayo itaondoka kwa uzito tu, kama zilivyoondoka pembe za ndovu.