Nyota Inayofifia Kila Baada ya Miaka 27

Ukisimama Makanya katikati ya Januari, mnamo saa nne za usiku usio na mawingu, ukaelekeza uso kaskazini, utaona nyota moja inayong'ara kuliko jirani zake. Hiyo ni Capella. Juu yake kidogo, kushoto, ipo nyota hafifu yenye jina la asili ya Kiarabu, Almaaz, yaani mbuzi. Huyo ndiye mbuzi wetu wa leo.

Mwaka 1821 Mjerumani mmoja, Johann Fritsch, aliona imepungua nuru. Ikafifia tena 1847, kisha 1874, kisha 1901. Ndipo Hans Ludendorff alipokusanya kumbukumbu za waliomtangulia, wengi wao marehemu, akazipanga, akapata kipindi cha miaka 27. Toka hapo ikawa kungojea tu: 1928, 1955, 1982, 2009. Kila mara wingu la vumbi lenye umbo la sahani hupita mbele ya nyota hiyo na kuiziba karibu nusu ya nuru yake, kwa muda unaokaribia miaka miwili. Zamu ijayo inatazamiwa 2036. Aliyezaliwa Makanya mwaka 1955, enzi za Mwingereza, akijaliwa uhai atakuwa ameishi zamu nne.

Lakini ipo nyingine isiyoonekana kwa macho matupu, iitwayo TYC 2505-672-1, ambayo zamu yake ni miaka 69. Ilififia kati ya 2011 na 2015. Wataalamu walipopekua picha za kale za vioo katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, wakakuta ilififia pia kati ya 1942 na 1945. Picha zilipigwa, zikawekwa kabatini, zikakaa miaka 70 bila mtu kuliona jambo hilo. Zamu ijayo wakaitaja: 2080.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hata Harvard penyewe, katika miaka ya 1950 upigaji picha hizo ulisimamishwa ili kubana matumizi, na pengo hilo halizibiki. Januari 2016 bomba likapasuka, vioo 60,000 hivi vikalowa maji.

Nasi huku, daftari la mvua likichakaa, mara nyingi huishia kufungia maandazi. Makanya ni tambarare kavu chini ya milima ya Upare. Nani atajua kama ukame nao una zamu zake? Mwenye daftari la mvua la marehemu babu yake sandukuni, na ampelekee mwalimu wa sekondari iliyo karibu alinakili.