Trauti wa Mto Elwha na Gharama ya Sheria Iliyopuuzwa

Mwaka 1890 jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, lilitunga sheria iliyomtaka kila anayejenga bwawa kwenye mto wenye samaki aweke njia ya kuwapitisha. Miaka 20 baadaye, mfanyabiashara Thomas Aldwell alianza kujenga bwawa la umeme katika mto Elwha bila njia hiyo. Kisa cha Elwha husimuliwa mara nyingi kama ushindi wa mazingira. Mimi nakisoma kwanza kama historia ya sheria na wasimamizi wake.

Bwawa la Aldwell lilikamilika mwaka 1913, kilometa 8 hivi kutoka baharini. La pili, Glines Canyon, lenye kimo cha meta 64, lilifuata mwaka 1927. Sheria ilikuwapo, lakini Kamishna wa Samaki wa jimbo, Leslie Darwin, aliridhia kituo cha kuzalishia vifaranga kijengwe badala ya njia ya samaki. Kufikia mwaka 1922 kituo hicho kilikuwa kimetelekezwa. Ukuta wa bwawa ukabaki.

Umeme ule uliendesha viwanda na kuukuza mji wa Port Angeles, hilo hatulikani. Swali la mwanahistoria ni nani aliyelipa gharama yake. Walilipa Waklallam, wenyeji wa mto huo. Katika mkataba wa Point No Point wa mwaka 1855 waliiachia serikali ardhi, wakabakiza haki ya kuvua samaki mahali walipozoea. Haki ya kuvua katika mto uliofungwa ni haki ya kwenye karatasi. Hata mahali patakatifu ambapo wanaamini waliumbiwa palifunikwa na maji ya bwawa.

Miongoni mwa samaki waliozuiwa alikuwamo trauti mhamaji. Wasomaji wa Kenya wanawajua jamaa zake katika mito baridi ya Mlima Kenya, walikopandikizwa enzi za ukoloni. Elwha ndiko kwao kwa asili. Spishi hii ina maisha ya namna mbili: baadhi hukaa mtoni siku zote, wengine hushuka baharini, wakanenepa, kisha hurudi kutaga mayai kwenye maji baridi ya juu. Baada ya mwaka 1913, waliokuwa juu ya ukuta walifungiwa huko, na waliorudi kutoka baharini waliishia chini yake.

Mapambano yalikuwa marefu. Mwaka 1974 Jaji George Boldt aliamua kwamba mikataba ya makabila ya Washington bado ina nguvu. Mwaka 1992 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuurejesha mto. Ubomoaji ulianza Septemba 2011 na kukamilika mwaka 2014. Tope lililolundikana kwa miongo mingi lilichafua maji hadi pwani, kisha samaki wakaanza kupanda.

Watafiti wa vinasaba wamegundua kwamba trauti wanaorudi majira ya kiangazi wana asili, kwa kiasi kikubwa, katika wale waliofungiwa juu ya mabwawa kwa karibu miaka 100. Vizazi ambavyo havikuiona bahari vilihifadhi uwezo wa kuiendea. Visingeweza kudumu kama maji ya juu nayo yangeharibiwa. Sehemu kubwa ya bonde hilo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Olympic, iliyoanzishwa mwaka 1938. Mwaka 2023 Waklallam walivua tena samoni katika mto wao, kwa kiasi kidogo, kwa ajili ya ibada na chakula.

Wanaharakati watajifunza hapa subira, na wanafunzi watajifunza kusoma mikataba ya zamani. Kwa watumishi wa umma, ninaomba mlitazame neno moja katika faili lile la Darwin: “badala”. Sheria haikufutwa ili bwawa lijengwe. Ilipatiwa mbadala wa bei nafuu, nao mbadala ukatelekezwa ndani ya miaka michache. Kulisahihisha neno hilo kulichukua karne nzima na mamia ya mamilioni ya dola za umma.