HISTORIA YA MAMA NA SHULE, SEHEMU YA 4: Miaka miwili ya kusubiri

 

Kwa waliokosa sehemu ya 3: tuliishia kwenye kahawa. Mwaka 1925 wakulima wa Kichagga waliunda chama chao, KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo. Mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Wazee wetu waliamua kujisemea wenyewe, na hela ya kahawa ikalipa ada za watoto wengi huku mlimani. Mwaka 1963 kikafunguliwa Chuo cha Ushirika hapo Moshi mjini, ambacho tangu 2014 ni chuo kikuu.

Sasa niwaulize: hela ikiwa ndogo, nani alibaki nyumbani? Jibu mnalo. Kahawa ilikuwa ya baba, ndizi za mama. Mama alipalilia na kuchuma kahawa, lakini chamani lilisomwa jina la baba.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, kilianza na wanafunzi wachache wa sheria. Mwanamke alikuwa mmoja tu, Julie Manning. Mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria. Mmoja tu jamani, na tazama alikofika!

Halafu likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974. TANU ikasema aliyemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Aende kwanza JKT, kisha afanye kazi, si chini ya miaka miwili. Nia ilikuwa nzuri: msomi ajue jasho la wananchi wanaomsomesha. Na sharti lilikuwa moja kwa wote, wavulana kwa wasichana.

Lakini mama zangu, miaka miwili kwa binti wa miaka 20 ni nini? Ni posa, ni harusi, ni mimba ya kwanza. Kaka yake akisubiri, anasubiri tu. Yeye akisubiri, maisha yanamchukua. Idadi ya wasichana waliojiunga na chuo ikashuka. Serikali ikaliona hilo, na miaka michache baadaye ikawaondolea wasichana sharti lile.

Wapo walioita upendeleo. Mimi nesi siwezi kuita hivyo. Kliniki nawapima watoto wote kwa mizani ile ile, lakini aliyepungua uzito simwambii mama yake maneno yale yale ninayomwambia wa mtoto aliyenenepa.

Kwa nini nimewaletea haya? Juzi nilimuuliza binti mmoja mwenye mtoto mchanga, shule unarudi lini? Mama yake akamjibia: "Sista, atarudi mtoto akikua." Binti akainamisha kichwa.

Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu binti aliyejifungua kurudi shule. Mlango uko wazi. Ila "mtoto akikua" ni ile ile miaka miwili ya Musoma, safari hii tumeiweka sisi wenyewe, nyumbani kwetu.

Bibi, mpokee mjukuu. Baba, uza hata mkungu wa ndizi ununue daftari. Maziwa yanakamulika, yakatunzwa vizuri kwenye kikombe safi chenye mfuniko; njooni kliniki tuwaelekeze.

Jumapili ijayo, sehemu ya 5: tutaongea kuhusu Weruweru na wasichana waliopita pale. Mbaki salama.