Evagrius na Mawazo Manane

Vijana wenzetu, kwenye vikundi vya maombi tunasikia sana habari ya kuwaza chanya na kuwaza hasi. Wengine wanaambiwa kabisa kwamba wazo baya likikuingia, imani yako ni ndogo. Sasa tumeona tuwaletee mtu aliyelichunguza jambo hili zaidi ya miaka 1,600 iliyopita.

Evagrius alizaliwa karibu mwaka 345 huko Ponto, kaskazini mwa Uturuki ya leo. Alikuwa shemasi mwenye jina mjini Konstantinopoli. Mwaka 382 akatoroka mji, sababu alikuwa amempenda mke wa mtu. Alipofika Yerusalemu aliugua miezi mingi, akapokelewa na mama mtawa, Melania. Kisha akaenda jangwani Misri, kwanza Nitria, baadaye Kellia, akaishi kwa kunakili vitabu mpaka alipofariki mwaka 399.

Jangwani hakuna soko, hakuna kelele. Kumbe mawazo yalimfuata! Akayapanga manane: ulafi, uasherati, kupenda fedha, huzuni, hasira, uchovu wa roho, kutafuta sifa na kiburi.

Huo uchovu wa roho ndio uliotushika. Watawa waliuita pepo wa adhuhuri. Jua linaonekana halisogei, siku inakuwa kama ina saa 50. Mtu anachungulia nje kila mara. Anachukia mahali anapokaa na kazi ya mikono yake, anaona wenzake hawana upendo tena, anawakumbuka jamaa zake, anawaza kwamba kwingine maisha ni rahisi. Jamani, si ni sisi hawa, tunaosubiri majina yabandikwe ubaoni? Na nyinyi mnaotuhudumia mashirikani, mkimkuta kijana amelala mchana kutwa, msiwahi kumwita mvivu.

Evagrius alifundisha kwamba mawazo kuja au kutokuja haiko mikononi mwetu. Yakae au yaondoke, hapo ndipo tuna uwezo. Yaani kujiwa na wazo baya siyo dhambi bado. Akaandika kitabu chenye mawazo karibu 500, na kila moja akaliwekea neno la Maandiko la kulijibu. Hakumwambia mtu ajifanye hana huzuni. Litaje wazo lilivyo, halafu ulijibu.

Hata mawazo matamu hakuyaamini yote. Mtawa anajiona anaponya wagonjwa, watu wamejaa mlangoni wakitaka awe kasisi. Ndoto ikishapita, inamwacha na kiburi au na huzuni. Sisi tunawajua walioacha kusoma na kulima kwa sababu moyoni walishafika Canada.

Mwaka 400 Askofu Theophilus wa Aleksandria aliwafukuza wafuasi wa mafundisho hayo. Wakakimbilia Palestina, wengine wakafika Konstantinopoli, ambako Yohana Krisostomo aliwapa mahali pa kulala. John Cassian, aliyeishi nao Misri, alipeleka mafundisho hayo mpaka Marseille, na baadaye Papa Gregori Mkuu akayapanga upya yale manane. Ndiyo asili ya dhambi saba mnazozisikia kanisani. Evagrius mwenyewe alihukumiwa mwaka 553, wakati alishakufa zamani. Kile kitabu cha majibu alikiandika kwa Kigiriki, lakini kwa Kigiriki kikapotea. Kimetufikia kwa Kisiria na Kiarmenia, kwa mikono ya watu wa lugha nyingine waliokubali kukitunza.