Jipu la ukwato

Jipu la ukwato ni usaha unaokusanyika ndani ya ukwato wa farasi au punda baada ya bakteria kupenya, mara nyingi kupitia tundu la msumari au mstari mweupe unaounganisha wayo na ukuta wa ukwato. Kwa kuwa ukuta huo ni mgumu na hautanuki, usaha hukandamiza nyama ya ndani, na mnyama aliyekuwa mzima jana huweza kushindwa kukanyaga leo. Usipofunguliwa njia, usaha hupanda hadi kupasukia juu, ukwato unapokutana na ngozi.

Daktari wa mifugo huchimba wayo kidogo ili usaha utoke, kisha ukwato hulowekwa katika maji ya uvuguvugu yenye salfati ya magnesi na kufungwa bendeji. Antibiotiki peke yake kwa kawaida haitoshi, kwani haifiki vizuri penye usaha. Kinga ya pepopunda ni muhimu mno: bakteria wake huishi udongoni, na farasi hudhurika nao kwa urahisi kuliko mifugo mingi.

Jipu linalorudi katika mguu uleule huwa na chanzo ambacho hakijaondolewa: kipande cha msumari, mfupa ulioambukizwa (huonekana kwa eksirei), laminaitisi, au kwato zilizoachwa zirefuke. Mkoani Dar es Salaam, ambako farasi ni wachache, wakiwemo wa Jeshi la Polisi, matope ya masika (Machi hadi Mei) hulainisha kwato na ukavu unaofuata huzipasua. Kwa hiyo kwato hupunguzwa kila baada ya wiki 6 hadi 8, na zizi huinuliwa ili maji yasituame.