Tanga–Dar kwa ndege: kilomita ngapi, dakika ngapi?

Wadau, hili swali haliishi hapa Kigombe, hasa mtu akiitwa usaili Dar au akiwa na mgonjwa anayetakiwa Muhimbili: kwa ndege ni muda gani? Jibu la haraka ni dakika 45 hivi. Ila ukilibeba hilo peke yake utachelewa, kwa hiyo nimepanga hesabu nzima hapa.

UMBALI
- Angani moja kwa moja, kiwanja cha Tanga hadi Julius Nyerere: km 200 hivi.
- Angani kupitia visiwani: Tanga–Pemba km 84, Pemba–Unguja 125, Unguja–Dar 73. Jumla km 282 hivi.
- Barabarani kupitia Segera na Chalinze: km 350 hivi.

Barabara inazunguka: inaenda magharibi hadi Segera, inashuka kusini hadi Chalinze, halafu inarudi mashariki kuitafuta Dar. Ndege inanyoosha tu.

Unaweza kupima mwenyewe. Viwanja hivi viwili vimekaa karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini–kusini. Tanga ni digrii 5.09 kusini ya ikweta, Dar ni 6.88. Tofauti ni 1.79. Digrii moja ni km 111, zidisha, unapata 199. Kalkuleta ya simu inatosha.

MUDA
Ndege za njia hii nyingi ni ndogo, kama Cessna Caravan: injini moja, abiria 12 hivi, mwendo wa km 300 kwa saa. Km 200 kwa mwendo huo ni dakika 40, ongeza kuruka na kutua. Ikipitia Pemba na Unguja, inashuka na kupanda mara mbili njiani, kwa hiyo weka saa 2.

KWA SISI WA KIGOMBE
Hapa ndipo kuna kichekesho. Mstari ulionyooka wa Tanga–Dar unapita karibu kabisa na kijiji chetu. Yaani unapanda daladala kama km 30 kwenda kaskazini, halafu ndege inakurudisha kwenu kwa dakika 5 ukiwa juu!

Sasa jumlisha mlango kwa mlango:
- Ndege: Kigombe–Tanga saa 1, kuripoti kiwanjani saa 1 kabla, safari dakika 45 hadi saa 2, foleni ya kuingia mjini Dar saa 1. Jumla saa 4 hadi 5.
- Basi: Kigombe hadi stendi ya Kange saa 1, Kange–Mbezi saa 5 au 6, Mbezi hadi mjini saa 1. Jumla saa 7 au 8.

Unaokoa kama saa 3 tu, wala siyo saa 5 kama watu wanavyodhani. Na ndege ina ratiba yake: ikiondoka mchana, aliyepanda basi la alfajiri anakutangulia. Kabla ya kulipa uliza mambo matatu: inaondoka saa ngapi, inapitia wapi, na mzigo kilo ngapi. Ndege ndogo nyingi mwisho ni kilo 15.

Ukiwa na usaili saa 2 asubuhi, ndege au basi, nenda siku moja kabla. Mgonjwa naye umuulizie daktari kwanza kama anaruhusiwa kupanda ndege.

Naomba kuwasilisha. Mwenye uzoefu wa njia hii aongezee hapo chini.