Fahamu: Pampu ya joto 'janja' inavyopunguza bili ya umeme Ujerumani

Kama una ndugu Ujerumani, huenda umeshamsikia akilia na bili ya kupasha nyumba joto kipindi cha baridi. Baadhi ya nyumba huko sasa zinatumia pampu ya joto. Inafanya kazi kama friji, ila kinyume: inavuta joto kutoka hewa ya nje au ardhini na kuliingiza ndani. Uniti 1 ya umeme inaweza kuleta uniti 3 hadi 4 za joto.

Ujanja uko wapi?

Tangu Januari 2025, kampuni za umeme Ujerumani zinatakiwa kuwapa wateja wenye mita janja mpango wa bei inayobadilika kufuata soko. Kidhibiti cha pampu kinasoma bei hizo, hali ya hewa na umeme wa sola ulioko juu ya paa. Umeme ukishuka bei, kinapasha sakafu na tangi la maji. Jioni bei ikipanda, pampu inapumzika na nyumba inabaki na joto lake.

Hesabu ya haraka

Tuseme pampu inatumia uniti 10 kwa siku. Ukihamisha uniti 6 kutoka saa za senti 40 kwenda saa za senti 20, umeokoa euro 1.20 siku hiyo.

Nani anashika swichi?

Hapa ndipo wengi wanaogopa: je, nitazimiwa joto usiku wa baridi kali? Hapana. Kwa pampu kubwa zilizofungwa tangu Januari 2024, gridi ikizidiwa, mwenye mtandao anaruhusiwa kuipunguza pampu kwa muda, lakini kwa kawaida lazima aiachie angalau kilowati 4.2. Taa na friji haziguswi. Mteja naye anapunguziwa ada ya mtandao.

Usikosee hapa

Usipashe maji kupita kiasi kisa umeme ni rahisi. Pampu inayotoa maji ya nyuzi 55 inakula umeme mwingi kuliko ya nyuzi 35, na faida yote inaweza kuishia hapo. Pia kuiwasha na kuizima kila mara kunachosha kompresa.

Na kama nyumba inavujisha joto madirishani, anza na madirisha. Hakuna programu ya simu itakayoziba huo upepo.